Nguo safi kwa asiye na pa kufulia

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya chanjo, lishe, malaria na maji ya kunywa. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni kufua nguo. Hatutaeleza namna ya kuondoa madoa, kwa maana akina mama wanaousoma ukurasa huu wanaijua kazi hiyo kuliko sisi. Tunamfikiria mtu mwenye nguo chafu, anayejua kabisa kwamba ni chafu, anayetamani kuzifua, lakini hana maji, hana sabuni, hana pa kuzianika, na pengine hana nguo nyingine ya kuvaa wakati ile moja ikikauka.

Vijijini kwetu mtu wa namna hiyo hupata angalau mto, kisima au beseni la jirani. Katika miji ya nchi tajiri mambo ni magumu zaidi kuliko tunavyodhani. Mtu anayelala barabarani Chicago au Roma hana mto wa kufulia, wala ua wa kuanikia. Hata mwenye chumba cha kupanga, aghalabu hana mashine ya kufulia, na wenye nyumba wengi hawapendi kuona nguo zikining'inia dirishani. Kinachobaki ni duka la kujifulia.

Duka hilo ni chumba chenye mashine zilizopangwa kwa safu. Mteja huja na mfuko wake wa nguo, huzitia mashineni pamoja na sabuni, hutumbukiza sarafu, kisha huketi kwenye benchi kungoja. Baada ya nusu saa hivi huzihamishia kwenye mashine ya kukaushia, ambayo nayo hudai sarafu zake. Duka la kwanza la aina hii husemwa kuwa lilifunguliwa mwaka 1934 mjini Fort Worth, Texas, likiwa na mashine nne za umeme. Leo yamejaa katika miji ya Marekani, na mengi ni mali ya mtu mmoja au familia moja. Mwenye duka ndiye anayefungua asubuhi, ndiye anayefagia, na ndiye anayeinama kutengeneza mkanda wa mashine unapokatika.

Kufua na kukausha mzigo mmoja hugharimu dola kadhaa. Familia yenye watoto wadogo huwa na mizigo mitatu au minne kila wiki, na fedha hiyo hutoka katika mfuko uleule wa kodi ya nyumba na chakula. Serikali ya Marekani huwasaidia wenye kipato kidogo kununua chakula kwa mpango uitwao SNAP. Lakini mpango huo ni wa chakula tu, na sabuni haimo. Mama anaweza kutoka dukani na mkate, maziwa na mayai aliyolipiwa na serikali, lakini asiwe na senti ya kununulia sabuni ya unga. Kwa hiyo kinachoahirishwa kwanza ni kufua.

Maradhi yakaayo katika nguo

Wapo watakaosema kwamba nguo chafu ni aibu tu, wala si ugonjwa. Hebu tutazame.

Kuna chawa wa kichwani, ambaye wazazi wengi wanamfahamu, na kuna chawa wa mwilini. Huyu wa pili haishi katika ngozi. Makao yake ni nguo, hasa kwenye mishono ya kola, kwapa na kiuno. Humo hutaga mayai, na huenda mwilini mara chache kwa siku kunyonya damu, kisha hurudi kwenye mshono wake. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuoga kila siku, lakini akivaa tena shati lilelile bado atakuwa na chawa. Dawa yake kubwa ni kubadili nguo na kuzifua kwa maji ya moto, nyuzi joto 55 au zaidi, kisha kuzikausha kwa joto kali. Chawa aliyetenganishwa na mwili wa mtu hufa kwa njaa katika muda wa wiki moja hivi.

Chawa huyu ndiye anayeeneza homa ya tifasi. Tafadhali msiichanganye na taifodi, yaani homa ya matumbo. Majina yanafanana lakini maradhi ni mbalimbali. Aliyeigundua siri ya tifasi ni daktari Mfaransa, Charles Nicolle, aliyefanya kazi Tunis. Aliona kwamba wagonjwa waliambukiza watu mitaani, wakaambukiza hata watumishi waliowapokea mlangoni mwa hospitali. Lakini wakishavuliwa nguo, kuogeshwa na kuvikwa nguo za hospitali, walilala katikati ya wagonjwa wengine bila ya kuwadhuru. Hata hivyo, watumishi waliopokea zile nguo zilizovuliwa, na wale waliozifua, waliugua. Basi hatari haikuwa katika mgonjwa mwenyewe, ilikuwa katika nguo zake. Mwaka 1909 alithibitisha kwamba mwenezaji ni chawa, na mwaka 1928 alipewa Tuzo ya Nobel.

Msidhani hayo ni ya zamani tu. Jirani zetu wa Burundi waliyaonja katika miaka ya 1990. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafukuza watu makwao wakajazana katika kambi za nyanda za juu zenye baridi, wakivaa nguo zilezile usiku na mchana, bila sabuni. Tifasi ilijitokeza kwanza katika gereza la Ngozi, kisha ikaenea kambini miaka ya 1996 na 1997, na makumi ya maelfu ya watu waliugua. Dawa yake, doksisaiklini, ni ya bei nafuu na mara nyingi dozi moja hutosha. Lakini dawa humponya mgonjwa bila ya kumwondoa chawa katika mshono wa shati.

Na huko kwenye utajiri? Katika miaka hiyohiyo ya 1990, madaktari wa Seattle, Marekani, na wa Marseille, Ufaransa, waliikuta kwa watu wasio na makazi homa iliyowatesa askari katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Nayo huletwa na chawa wa mwilini. Hospitali hizo zina mitambo ya kila namna, lakini mgonjwa aliporudishwa barabarani na nguo zake zilezile, alirudi pia na chawa wake.

Upele tunaufahamu wote. Kijidudu chake huchimba ngozini, na kuwasha kwake huzidi usiku. Mtoto akijikuna hupata vidonda, vidonda vikiingiwa na vijidudu vingine huweza kudhuru hata figo. Zahanati hutoa dawa ya kupaka, kama vile BBE, na hupaswa kupakwa watu wote wa nyumba siku moja. Siku hiyohiyo yafaa kufua nguo, mashuka na taulo zote zilizotumika kwa siku tatu zilizopita. Familia inayopakwa dawa vizuri, kisha ikalalia shuka zilezile, hujirudisha nyuma yenyewe.

Jiko la Kitty Wilkinson

Wazo la kumpa maskini mahali pa kufulia halikuanzia Marekani. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Liverpool, Uingereza. Katika mtaa mmoja wa maskini aliishi mama aliyeitwa Catherine Wilkinson, ambaye watu walimwita Kitty, mzaliwa wa Ireland. Nyumba yake ilikuwa na kitu ambacho majirani hawakuwa nacho, yaani sufuria kubwa iliyojengewa meko, ya kuchemshia nguo. Aliwakaribisha majirani waje kuchemsha nguo na matandiko ya wagonjwa wao. Alidai peni moja tu kwa wiki, na alitumia dawa ya chokaa yenye klorini kuulia uchafu.

Msomaji akumbuke kwamba wakati ule hakuna aliyejua kijidudu cha kipindupindu. John Snow alikuja kukionyesha kisima cha London miaka 22 baadaye, naye Robert Koch hakuwa hata amezaliwa. Mama huyu hakuwa msomi. Alichokuwa nacho ni akili ya mama wa nyumbani, kwamba shuka la mgonjwa halifai kubaki lilivyo.

Watu wenye uwezo walimwunga mkono, na mwaka 1842 mji wa Liverpool ulifungua nyumba ya umma ya kuogea na kufulia katika barabara ya Frederick. Baadaye Kitty na mumewe waliwekwa kuwa wasimamizi wake. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuziruhusu halmashauri kujenga nyumba kama hizo kwa fedha za kodi. Sanamu yake ilisimamishwa katika ukumbi wa St George's Hall mjini Liverpool mwaka 2012. Ukumbi huo ulikuwa na sanamu za wanaume watupu hadi siku hiyo.

Mwenye duka asifilisike

Tuje sasa kwenye duka dogo la kujifulia la leo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Ventura, California, kikundi cha Wakristo kilizungumza na mtu asiye na makazi kikamwuliza wangewezaje kumsaidia. Yeye aliwaambia kwamba angekuwa na nguo safi, pengine watu wangemtendea kama binadamu. Hakuomba fedha. Kikundi kilikwenda kwenye duka la kujifulia la jirani na kupatana na mwenyewe, na hivyo ndivyo kazi iitwayo Laundry Love ilivyoanza. Baadaye parokia, misikiti, masinagogi na watu wasio na dini yoyote waliichukua na kuifanya katika miji mingi ya Marekani.

Namna yake ni nyepesi. Kikundi huchagua jioni moja ya mwezi, siku ambayo duka huwa halina watu. Siku hiyo wanakikundi huja na mifuko ya sarafu za senti 25, au kadi mahali ambapo mashine zimeacha kupokea sarafu, pamoja na sabuni. Wageni huandika majina ya kwanza tu katika orodha, na zamu ikifika kikundi huwalipia mashine. Wakati nguo zinazunguka, watu hunywa kahawa, watoto huchora picha au husaidiwa masomo, na mara nyingine huja muuguzi kupima shinikizo la damu. Saa mbili za kungoja nguo ni saa mbili ambazo mtu hana haraka ya kwenda popote. Zahanati zetu zenye foleni zingefurahi kupata nafasi kama hiyo ya kuzungumza na mgonjwa.

Hapa tungependa kukazia jambo moja, kwa kuwa katika kazi za huruma mara nyingi husahaulika. Katika mpango huu mwenye duka hulipwa. Watu wema wengi wakiona mashine ishirini zimekaa bure humwambia mwenyewe, "Si uwaachie maskini wafue?" Hao hawajui hesabu ya duka. Kila mzunguko wa mashine hula maji, umeme au gesi ya kuchemshia, na hula pia chuma chenyewe. Mwenye duka aliyepanga jengo hana faida ya kutupa, na akifilisika, maskini na wasio maskini watakosa mahali pa kufulia.

Lakini iko hesabu nyingine ambayo mwenye duka mwerevu huiona. Kodi ya jengo na mshahara wa mtumishi hulipwa iwapo mashine zinafanya kazi au zimelala. Tuseme duka lina mashine ishirini, na Jumanne jioni tano tu ndizo zinazotumika. Mashine kumi kati ya zile zilizolala zikitumika, gharama inayoongezeka ni ya maji, moto na uchakavu tu. Ndiyo maana mwenye duka huweza kukubali kupunguza bei kwa saa hizo, au kutoa mizunguko michache bure kila wiki, na asidhurike. Kinachomwua ni ahadi isiyo na mpaka. Afadhali aseme "mizigo kumi kila Jumanne, saa kumi hadi saa mbili usiku", akaitimiza mwaka mzima, kuliko kufungua milango wazi mwezi mmoja na kuifunga kwa majuto.

Wengine huogopa kwamba wateja wanaolipa watakimbia wakiona watu wa barabarani wameingia. Hofu hiyo ina msingi, na si vizuri kuidharau. Wateja hukimbia wakiona fujo, harufu na mashine chafu. Wakiona meza yenye orodha, watu wanaokaribishwa kwa jina na sakafu iliyofagiwa, wengi hubaki, na wengine huacha sarafu mezani kwa ajili ya mgeni anayefuata.

Roma na Brisbane

Katika barua yake ya kufunga Jubilei ya Huruma, iliyotolewa Novemba 2016, Baba Mtakatifu Fransisko aliwataka waamini wabuni matendo mapya ya huruma. Tarehe 10 Aprili 2017 Ofisi ya Sadaka ya Kipapa ilifungua mjini Roma nyumba ya kufulia bure iliyoitwa kwa jina lake. Iliwekwa katika majengo ya iliyokuwa hospitali ya San Gallicano, mtaa wa Trastevere, ikiwa na mashine sita za kufulia, sita za kukaushia, na pasi. Mashine zilitolewa na kampuni ya Whirlpool, na uangalizi ulikabidhiwa wanajumuiya wa Mtakatifu Egidio. Walionuiwa ni wale wasio na makazi, wafue nguo zao na mablanketi yao. Tumependa kwamba mablanketi yalitajwa, maana ndicho kitu kigumu kuliko vyote kufua kwa mkono.

Kampuni hiyohiyo ilianza mwaka 2015 kupeleka mashine katika shule za Marekani, baada ya mwalimu mkuu mmoja wa St. Louis kutambua kwamba baadhi ya watoto wake hawaji shule kwa kuwa hawana nguo safi. Kampuni ilipata sifa, nayo haikatai sifa hiyo. Mtoto alipata shati.

Huko Brisbane, Australia, vijana wawili wenye umri wa miaka 20, Nic Marchesi na Lucas Patchett, waliona kwamba wengine hawawezi hata kufika dukani. Mwaka 2014 walifunga mashine mbili za kufulia na mbili za kukaushia ndani ya gari, wakalipeleka bustanini walikolala watu. Waliweka pia viti sita vya rangi ya machungwa, na wenyewe husema kwamba kazi kubwa hufanyika vitini, katika mazungumzo, kuliko ndani ya mashine.

Yanayohitaji uangalifu

Sasa tuseme machache kwa yeyote anayefikiria kazi kama hii, awe na mashine au na mabeseni. Mwenye nguo ndiye atoe vitu mifukoni mwake mwenyewe. Mtumishi asitie mkono katika mfuko asioujua, kwa sababu ya sindano na nyembe, na pia kwa sababu mfuko wa mtu ni wa mtu. Nguo zenye chawa au upele zije zimefungwa katika mfuko wa plastiki, zimiminwe moja kwa moja mashineni, na mfuko utupwe. Zisiwekwe kabisa juu ya meza ya kukunjia. Atakayezishika avae glavu. Maji yawe ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Vitu visivyofulika, kama viatu na kofia, mwenye upele avifunge katika mfuko kwa wiki moja, mwenye chawa wiki mbili.

Dawa ya klorini isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, hasa yenye amonia au tindikali, kwa maana mvuke wake huunguza mapafu. Nguo iliyomwagikiwa petroli, rangi ya mafuta au mafuta mengi ya kupikia isitiwe katika mashine ya kukaushia hata ikiwa imefuliwa. Moto umewahi kuanza hivyo katika maduka mengi. Kadhalika kichujio cha nyuzi kisafishwe baada ya kila mzigo.

Halafu liko swali ambalo watu wenye kabati la nguo hawalifikirii. Mgeni atavaa nini wakati anafua? Mwenye suruali moja hatakuja, au atakuja na kufua shati tu. Wanaojua kazi hii huweka akiba ya nguo za kuazima, safi, za saizi mbalimbali, na mahali pa faragha pa kubadilishia. Kwetu kanga mbili au shuka zingetosha.

Lingine ni maswali. Haifai kumtaka mtu alete barua ya kuthibitisha kwamba ni maskini ndipo afuliwe shati. Anayeweza kulipa hapendi kupoteza jioni yake akingojea zamu, na mmoja akidanganya, hasara yake ni mzigo mmoja wa nguo. Wala tusimpige picha akiwa ameshika nguo zake za ndani, eti kwa ajili ya taarifa ya mwaka.

Na hapa kwetu?

Maduka ya mashine yameanza kuonekana katika miji yetu mikubwa, lakini kwa parokia nyingi dobi na mama wa kufua ndio wenye kazi hiyo. Tungependa jumuiya zitakazovutiwa na wazo hili ziwafikirie hao kwanza. Mama anayelisha watoto wake kwa kufulia watu asije akakuta siku moja parokia inafua bure karibu na mlango wake. Jumuiya na ichange, impatie yeye maji na sabuni, na kumlipa ujira wake wa siku, ili awafulie wazee wasio na mtu, wagonjwa walio kitandani, na familia inayotibiwa upele. Dobi naye akiombwa atoe saa zake za ukiwa kwa nusu bei, mara nyingi hukubali, mradi alipwe siku hiyohiyo.

Mazingira yetu yana mambo yake. Mahali wanapofulia mtoni au ziwani penye kichocho, jukwaa la saruji lenye bomba ni kinga bora, kwa kuwa mfuaji hasimami majini. Jua letu ni mashine ya kukaushia isiyodai sarafu, lakini nguo zianikwe kwenye kamba juani, si chini wala kivulini. Yupo nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu, na mabuu yake huingia ngozini yakafanya jipu lenye funza, hasa kwa watoto wachanga. Pasi ya moto, pamoja na kwenye mishono, huyaua. Pasi hiyohiyo huua chawa na mayai yake pale ambapo kuni za kuchemsha maji ni ghali.

Jumuiya itakayoanza, na ianze na nyumba tatu au nne, mara moja kwa mwezi, siku inayojulikana. Nyumba yenye upele ipatane kwanza na zahanati, ili siku ya kupakwa dawa iwe ndiyo siku ya kufua. Mablanketi yatangulie alfajiri kabla ya kitu kingine chochote, kwani hukawia kukauka, na mzee atayahitaji usiku.